i7 ya Kale na i3 ya Juzi: Stika Inayowachanganya Wachezaji Gemu wa Bukoba na Muleba

Uliza kompyuta ya gemu Bukoba mjini, uone kama muuzaji hataanza na "hii ni i7, kaka". Neno hilo moja linatosha kumtoa kijana wa Muleba hela ya kahawa aliyopewa na mzee wake afungue banda la gemu. Anapanda gari na mashine ya mtumba magotini, stika inang'aa. Ni ya kizazi cha ngapi? Hakuuliza.

Stika hiyo ina historia, na ukiijua hupigwi kirahisi.

Januari 2007 Intel ilitoa Core 2 Quad Q6600, prosesa ya viini vinne. Kiini ni kama mpishi jikoni: wakiwa wanne, kazi zinagawanyika. Basi, kwa miaka kumi hivi Intel ikaganda hapo hapo. Prosesa zake za watu wa kawaida hazikuvuka viini vinne. AMD, mpinzani wake, alikuwa hoi, sasa Intel ihangaike ya nini? Kila toleo iliongeza kidogo tu. Ndiyo maana i7-2600 ya 2011 ilizeeka taratibu sana. GTA V ilipoingia kwenye kompyuta mwaka 2015, prosesa iliyopendekezwa ilikuwa i5-3470, ya 2012. Aliyesema enzi hizo "chukua ya zamani, inatosha" hakuwa muongo.

2017 mambo yakageuka. Machi, AMD ikaibuka na Ryzen yenye viini hadi nane. Oktoba, Intel ikashtuka, kizazi cha nane kikapanda hadi sita. Watengeneza gemu nao wakaanza kuzitumia nguvu hizo. Angalia Cyberpunk 2077: ilipotoka 2020 kiwango cha chini kilikuwa i5-3570K. Mwaka 2023 kikapandishwa hadi i7-6700. Gemu ile ile, na mashine kibao za mtumba zikaachwa nje.

Sasa weka i7-2600 karibu na i3-12100 ya 2022. Zote zina viini vinne, zote zinabeba kazi nane kwa mpigo. Kwa jina, i7 ndiyo mkubwa. Kwenye gemu i3 inamwacha mbali, halafu kiwandani imeandikiwa wati 60 wakati mzee ana 95. Banda lenye mashine nne zinazowaka kutwa nzima, LUKU itakuambia tofauti.

Hata hivyo ya zamani siyo takataka. Mwenye banda pale Kashai ambaye wateja wake ni watoto wa shule wanaotaka San Andreas na PES 2013, kumwambia anunue prosesa mpya ni kumtia hasara. i5 ya kizazi cha tatu au cha nne inamtosha, hela inayobaki aiweke kwenye kadi ya grafiki. Mwenye wateja wa Valorant ndiye wa kuangalia mara mbili: kwenye Windows 11 gemu hiyo inadai TPM 2.0, na Windows 11 yenyewe, kwa upande wa Intel, karibu yote inaanzia kizazi cha nane. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Kizazi kinasomwa kwenye namba, siyo kwenye stika. Toa tarakimu tatu za mwisho: i7-2600 ni cha pili, i5-8500 cha nane, i3-12100 cha kumi na mbili.

Na usidanganywe kwamba "utabadilisha prosesa baadaye". Kizazi cha sita na cha nane vyote vina pini 1151. Ya nane ukiichomeka kwenye mazabodi ya sita inakaa vizuri kabisa, ila haiwaki. Muuzaji yuko Bukoba, wewe umeshafika Muleba.