Kawi jadidifu: Jinsi ya kumfunza mtoto kwa yale anayoyaona Port Reitz

MTOTO anayelelewa Port Reitz, eneo la Changamwe, Mombasa, hukua kati ya mambo mawili yanayokinzana. Upande mmoja, huko Kipevu, ipo mitambo inayozalisha stima kwa kuchoma mafuta mazito. Upande wa pili, ndani ya ua la Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi, zimetandazwa paneli za sola zinazopokea jua mchana kutwa.

Hata hivyo, mtoto huyo huyo anapofika darasani, aghalabu hufunzwa kuhusu kawi kwa kupewa orodha: jua, upepo, maji, mvuke wa ardhini. Huikariri kama anavyokariri siku za juma, akaijibu vyema katika mtihani, na asitambue kwamba upepo uliotajwa ni ule ule ulioirusha tiara yake juzi.

Kawi jadidifu ni ile inayotokana na chanzo ambacho hujirudia chenyewe hata kikitumiwa. Ufafanuzi huo unamtosha mtu mzima. Mtoto wa miaka mitano au sita hufaidika zaidi na swali moja tu: tukikitumia leo, kesho kitakuwepo?

Mwalimu au mzazi anaweza kumwonyesha ndoo mbili. Moja imewekwa chini ya mfereji unaotiririka, nyingine imejazwa mara moja ikaachwa. Achote kikombe kimoja kimoja kutoka kila ndoo, kisha aseme ni ipi itakayokauka. (Katika mitaa ambayo mfereji wenyewe hukauka siku nyingi, ni afadhali kungojea mvua inayoshuka kwenye mabati.) Ndoo ya pili ndiyo mafuta yaliyo ardhini. Yalichukua mamilioni ya miaka kujikusanya, na hayajazwi upya kwa kasi tunayoyatumia.

Kwa jua, hakuna haja ya vifaa vya dukani. Pwani watu wamelitumia tangu jadi kukausha samaki, nazi na chumvi. Chukua mikebe miwili iliyo sawa, mmoja upakwe masizi kwa nje, mwingine upakwe chokaa. Itiwe maji kwa kipimo kimoja na kuanikwa juani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba. Mtoto akiyagusa maji atajua mwenyewe kwamba rangi nyeusi hunyonya joto.

Hapo pana kosa linalorudiwa hata na watu wazima. Paneli ya sola haizalishi umeme kutokana na joto la jua, bali kutokana na mwanga wake. Kwa hakika, joto likizidi, uwezo wa paneli hupungua. Mtoto ataelewa haraka akipewa taa ndogo ya sola na kuambiwa aifunike paneli yake kwa kiganja huku kiashiria cha kuchaji kikitazamwa. Aonywe mapema asilikodolee jua macho, kwani madhara yake kwa macho huenda yasipone.

Upepo nao una historia ndefu mahali hapa. Jina Port Reitz linatokana na Luteni John James Reitz, afisa wa jeshi la majini la Uingereza aliyeachwa Mombasa mwaka wa 1824 na Kapteni William Owen, akafariki mwaka uo huo. Merikebu zilizowaleta zilisukumwa na upepo. Karne nyingi kabla yao, majahazi ya Oman na Bara Hindi yalikuwa yakiteremka na kaskazi na kurejea na kusi. Mtoto anayejua kwamba kaskazi hurudi kila mwaka amekwisha kuelewa neno “jadidifu” kabla ya kulisikia. Baada ya hapo ndipo aelezwe kuhusu mitambo 365 ya upepo iliyoko Marsabit, karibu na Ziwa Turkana, yenye uwezo wa megawati 310, iliyozinduliwa rasmi mwaka wa 2019.

Somo lenye mvuto zaidi, hata hivyo, liko uwanjani. Ndege inapoegeshwa, huhitaji umeme na hewa baridi kwa abiria, na kwa kawaida huwasha injini ndogo iliyoko mkiani, ambayo hula mafuta. Mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kusimamiwa na Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Ndege za Kiraia uliweka mtambo wa sola wa kilowati 500 katika uwanja huo, ili ndege zilizoegeshwa zipate umeme bila kuwasha injini hiyo. Ilikadiriwa kwamba ungepunguza takribani tani 1,300 za hewa ya kaboni kila mwaka. Mtoto aliyezoea ngurumo za ndege juu ya paa la nyumba yao hahitaji kuambiwa mara mbili.

Kuhusu Kipevu, busara inahitajika. Baadhi ya watoto hao ni wana wa mafundi wa mitambo na madereva wa malori ya mafuta. Haifai mtoto arudi nyumbani akiamini kwamba kazi ya babake ni aibu. Afunzwe kwamba mitambo kama Kipevu III, ya megawati 120, iliyoanza kazi mwaka wa 2011, husaidia hasa jioni, jua likiwa limetua na kila nyumba imewasha taa. Afunzwe pia gharama yake. Mwaka wa 1988 na tena 2005, mafuta yalimwagika katika maji haya na kuidhuru mikoko ya hori.

Mikoko yenyewe ndiyo inayoleta swali gumu kuliko yote: je, kuni na makaa ni kawi jadidifu? Mti huota tena, kwa hiyo jibu ni ndiyo, lakini ikiwa tu ukataji hauishindi kasi ya kuota. Vitabu vingi hulipita suala hili upesi, ilhali jikoni ndiko mtoto anakokutana na kawi kila siku. Apande mbegu ya mkunde na mche wa mkoko siku moja. Mkunde utakapovunwa, mkoko utakuwa bado mdogo mno kupikia hata chai.

Katika mtaala wa CBC, ulioanza kutumika kote nchini mwaka wa 2019, mambo haya yanaweza kuanzia katika somo la mazingira kwenye madarasa ya chini na kuendelezwa katika Sayansi na Teknolojia kuanzia Gredi ya 4. Huo ndio wakati wa kuleta ramani: mabwawa ya Mto Tana, mvuke wa Olkaria uliozalisha umeme tangu 1981, na mitambo ya sola ya Garissa na Malindi. Karibu asilimia 90 ya umeme unaozalishwa Kenya hutokana na vyanzo jadidifu.

Mwanafunzi mwerevu atauliza papo hapo: mbona basi stima hupotea? Asinyamazishwe. Umeme husafiri kwa nyaya na transfoma, navyo huharibika au kulemewa, hata chanzo kiwe safi namna gani. Kadhalika, jua halipo usiku, ndipo betri zikahitajika. Betri hizo zina kemikali zenye sumu, na zikichakaa asiachiwe mtoto kuzifungua wala zisitupwe jaani.

Zoezi la mwisho ni daftari. Kila jioni mtoto aandike taa ya sola ya nyumbani imewaka kwa saa ngapi kabla ya kufifia. Aanze Februari, wakati wa kaskazi na jua kali, aendelee hadi Mei, masika yakiwa yamefunga anga.