Pesa ya wazee inalisha nani?

Pesa ya wazee ilianza enzi za Kibaki, kwa maskini wa miaka 65 kwenda juu. Lakini ilibidi uchaguliwe, na mnajua siasa za kuchaguliwa kijijini. 2018 Inua Jamii ikafungulia kila aliyefika 70 na hana pensheni: 2,000 kwa mwezi.

Hapo ndipo shosho akaingia. Nilipoacha chuo nikarudi kwake, nikaona inavyoisha: unga, sare ya binamu yangu, deni la duka. Dawa yake ya presha ilikuja mwisho. Malipo yakichelewa, sote tunakunywa strungi.

Tena 2,000 ya 2018 bado ni 2,000, bei ya unga mnaijua. Na mimi, kijana wa miaka 22 na nguvu zangu, nilikuwa kwenye hiyo hesabu.