Kizibo Hufunguliwa Mbele ya Mgeni

Ukiketi kwenye kabare yoyote, yaani baa, ya mtaa wa Bwiza mjini Bujumbura, Burundi, na kuagiza bia ya Primus, mhudumu haleti chupa iliyo wazi. Huja nayo na kizibo chake, huisimamisha mezani ukiitazama, ndipo huifungua. Ukiletewa iliyokwisha kufunguliwa kaunta, unaweza kuirudisha na hakuna atakayenuna. Mimi ni mtoto wa Buyenzi, mtaa jirani, na kinywaji changu ni Fanta sitroni. Hata hiyo hufunguliwa mbele ya macho yangu.

Wenzetu waliobahatika kufika Bordeaux, mji wa divai huko Ufaransa, hurudi na hadithi moja. Husimulia jinsi mhudumu alivyomimina divai kidogo tu, mwenyeji akaionja, akakubali, ndipo wageni wakapewa. Husimulia kana kwamba wameona jambo geni. Bibi zao huko milimani wangewacheka.

Kwa Warundi, anayekaribisha ndiye anayeonja kwanza. Hutoa pombe, akanywa funda moja mbele ya mgeni ili aonekane hakutia sumu, kisha akampisha. Mfalme alikuwa na waonjaji wake, lakini hata mkulima asiye na ng'ombe hakuthubutu kuiruka hatua hiyo. Chombo kilikuwa mtungi mmoja, au kibuyu kinachoitwa igicuma, na mrija wa umuheha ulipita mdomo hadi mdomo. Kugawana umuheha na mtu ni kusema kwamba hakuna deni la damu baina yenu.

Ndani ya mtungi huwa mna impeke ya mtama au urwarwa wa ndizi. Urwarwa hauna haraka. Ndizi huvundikwa shimoni siku kadhaa, juu yake majani na udongo, mpaka zilainike. Humenywa, zikatiwa katika umuvure, chombo cha mti kilichochongwa kama mtumbwi, zikakandwa pamoja na majani makavu hadi maji matamu yatoke. Hayo ni umutobe, na mtoto huruhusiwa kuyanywa. Ukitia unga wa mtama uliokaangwa na kuyaacha usiku mmoja au miwili, yanageuka jambo la wakubwa. Mahari haikujadiliwa bila mtungi huo, wala shamba halikuuzwa. Bashingantahe, wazee wa kuamua kesi, walipatanisha watu na mtungi ukiwa katikati.

Mtama ulikuwa mzito zaidi kuliko ndizi, kwa sababu ulikuwa wa mfalme. Kila mwaka, mnamo Desemba, mwami, yaani mfalme, alifanya sikukuu ya umuganuro: ngoma zilipigwa, akaonja mtama, na baada yake nchi ikaruhusiwa kupanda. Mara ya mwisho ni 1929, chini ya Wabelgiji, na wamisionari hawakusikitika. Nionavyo mimi, siku hiyo Burundi ilipoteza zaidi ya sikukuu, kwa kuwa ni hapo mfalme alipoacha kuonja mbele ya watu wake.

Huku kando ya Ziwa Tanganyika mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Usumbura, ndivyo ulivyoitwa mji huu, ulianza kama kituo cha jeshi la Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19, na Wabelgiji waliuchukua 1916. Walipoupanga, kila kundi lilipewa upande wake: Wazungu, Waasia, Waswahili wa Buyenzi, na wakazi wa Bwiza, ambayo wazee bado huiita Belge. Kinywaji nacho kilipangiwa watu wake. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia pombe kali kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika, na ule wa Saint-Germain wa 1919 ukakaza kamba. Divai na wiski zikabaki kwa Mzungu. Mwafrika aliachiwa ndizi na mtama wake, na baadaye bia.

Hiyo bia ilikuwa na jina la Kilatini, Primus, yaani wa kwanza. Ilianza kupikwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1926. Kwetu ilikuja kuwa ya nyumbani mwaka 1955, ilipoanzishwa Brarudi, kiwanda cha bia na soda cha Rwanda na Burundi kwa pamoja. Nchi hizo mbili ziliachana, kiwanda kikabaki na herufi za zote mbili. Leo hisa nyingi ni za Heineken ya Uholanzi na sehemu inayobaki ni ya serikali. Ndiyo maana bia ya Amstel, iliyopewa jina la mto wa Amsterdam, huzaliwa kando ya Tanganyika, na wapo watakaoapa kwamba ya hapa ndiyo tamu kuliko zote. Chupa ya Primus ni sentilita 72, na anayetoka Ulaya huishika kwa mikono miwili.

Kwenye meza ya mji huu kuna jambo lisilosahaulika. Usiku wa tarehe 13 Oktoba 1961 mwanamfalme Louis Rwagasore alipigwa risasi akiwa anakula katika Hoteli Tanganyika, ukingoni mwa ziwa, wiki mbili tu baada ya kuwa waziri mkuu. Watu wa Buyenzi walimlilia kama mwana wao, maana wafanyabiashara wa hapa walikuwa naye tangu alipoanzisha vyama vya ushirika. Mwaka uliofuata bendera ya uhuru ilipanda, na Usumbura ikawa Bujumbura.

Kiwanda cha Brarudi hutegemea kimea na vipuri kutoka nje, na hapo ndipo ndizi hukipiku. Nchi jirani zilipotuwekea vikwazo vya biashara kuanzia 1996 hadi 1999, hakuna aliyeweza kuizuia migomba. Hata Brarudi yenyewe ilikuja kurudi kwenye mtama: ikatoa bia iitwayo Nyongera, maana yake niongezee. Mtama wa mwami ukaingia kwenye chupa.

Miaka hii ya karibuni fedha za kigeni zimekuwa adimu na Primus nayo huadimika. Kwenye kabare, madumu ya manjano ya pombe kutoka milimani yamepanga foleni mahali pa makreti. Dumu halina kizibo cha kufunguliwa mbele ya mgeni. Kwa hiyo mama mwenye kabare humimina kwanza katika kikombe chake mwenyewe, hunywa funda moja tukimtazama, hufuta mdomo kwa kanga, kisha husukuma kikombe cha pili upande wa mteja.