Jengo lililookolewa na tetemeko

Kabla ya madaraja ya kuvuka ghuba, mtu wa Oakland aliyekuwa na shughuli San Francisco alipanda feri. Feri zilifunga gati mwisho wa Market Street, kwenye Ferry Building, jengo lililofunguliwa mwaka 1898. Msanifu wake, A. Page Brown, hakuliona likikamilika. Alifariki mwaka 1896. Mnara wa saa, wenye kimo cha mita 75, aliubuni kwa kuiga Giralda wa Seville, Hispania, ambao zamani ulikuwa mnara wa msikiti.

Ufundi wa jengo hasa ulikuwa kwenye mpangilio. Abiria walipita ghorofa ya juu, katika ukumbi wa takriban mita 200 wenye paa la vioo. Mizigo na barua zilipita chini. Nje, tramu zilizunguka mbele ya mlango zikipakia watu. Tetemeko na moto wa 1906 viliangamiza sehemu kubwa ya mji, lakini jengo lilisimama, na maelfu walikimbilia gatini kwake kuvuka ghuba.

Kilicholimaliza ni magari. Daraja la Bay Bridge lilifunguliwa 1936, la Golden Gate 1937, na abiria wakapungua hadi ukumbi ukakatwakatwa vyumba vya ofisi. Mwishoni mwa miaka ya 1950 ikaja barabara ya juu, ya ghorofa mbili, iliyopita mbele ya jengo na kulitenga na mji. Mwaka 1986 wapiga kura waliulizwa kama ibomolewe. Wakakataa!

Tetemeko la tarehe 17 Oktoba 1989 likabadili hesabu. Barabara ile iliharibika ikafungwa. Bay Bridge nalo likafungwa mwezi mzima, feri zikarudi kazini. Meya Art Agnos alitaka barabara ivunjwe. Wafanyabiashara wa Chinatown, ambao wateja wao waliitumia, walimpinga vikali, lakini madiwani wakapitisha uamuzi wa kuivunja kwa kura 6 dhidi ya 5. Ilivunjwa 1991. Mwaka huohuo Agnos alishindwa uchaguzi.

Mwaka 2000 tramu kuukuu zilianza tena kupita hapo, na 2003 jengo likafunguliwa upya. Mafundi walitoboa sakafu ya juu ili mwanga wa paa ufike chini. Kazi safi, sikatai. Ila chini sasa ni soko la jibini na mikate ya bei ya kukaza mkanda, juu ni ofisi za kupangisha, na abiria wa feri hupita tu kuelekea gati za nyuma.