Waziri Mkuu na Sauti za Wafu: Mackenzie King wa Kanada na Waaguzi Wake

William Lyon Mackenzie King aliiongoza Kanada kwa zaidi ya miaka 21 katika vipindi vitatu kati ya 1921 na 1948, muda ambao hakuna Waziri Mkuu mwingine wa nchi hiyo aliyeufikia, na kwa sehemu kubwa ya muda huo alikuwa na mazoea ambayo wapiga kura wake hawakuyajua. Aliketi faraghani na watu waliodai kupitisha sauti za wafu, akazungumza na mama yake aliyekwisha kuzikwa, na babu yake, na viongozi wa zamani aliowaheshimu, kisha akarudi nyumbani na kuyaandika yote katika shajara, yaani daftari la kumbukumbu za kila siku, ambalo alilitunza tangu 1893 hadi siku za mwisho za uhai wake.

Lugha ya Kiswahili ina maneno yanayosaidia kulieleza jambo hili kwa usahihi. Katika uganga wa pwani ya Afrika Mashariki, mtu anayepandwa na pepo huitwa kiti, kwa kuwa pepo humkalia na kusema kwa kinywa chake, naye ni tofauti na mwaguzi au mpiga ramli, ambaye husoma ndoto, nyota au alama za mchangani bila yeye mwenyewe kupandwa na chochote. Pepo wa pwani si lazima awe roho ya marehemu, ilhali kiti wa Ulaya na Amerika Kaskazini alidai kuwaita wafu kwa majina yao. Lakini kazi ya kuazima kinywa ni ileile. King aliwatumia waaguzi na viti pia, na swali ambalo wanahistoria wamelijadili tangu siri yake ilipofichuka ni kama watu hao waliitawala Kanada kupitia kwake.

Imani aliyoifuata haikuwa ngeni katika zama zake. Vuguvugu la kuwasiliana na wafu, linaloitwa uspiritualisti, huhesabiwa kuwa lilianza Machi 1848 katika kijiji cha Hydesville, jimbo la New York, ambako mabinti wawili wa familia ya Fox walidai kwamba roho inawajibu kwa kugonga ukutani. Mmoja wao, Margaret, alikiri hadharani mwaka 1888 kuwa milio ile ilitoka kwenye viungo vya vidole vya miguu yao, ingawa baadaye aliikana kauli hiyo, na wakati huo imani ilikuwa imekwisha kuvuka bahari. Vita Kuu ya Kwanza iliiongezea nguvu, kwani familia nyingi zilizopoteza vijana bila hata kaburi la kuzuru zilitafuta faraja popote, na watu wenye sifa kubwa, kama mwandishi Arthur Conan Doyle na mwanafizikia Oliver Lodge, waliitetea waziwazi.

King naye aliingia katika imani hiyo kwa mlango wa msiba. Alizaliwa mwaka 1874 katika mji wa Berlin, Ontario, ambao sasa unaitwa Kitchener, akiwa mjukuu wa William Lyon Mackenzie, kiongozi wa uasi wa 1837 dhidi ya utawala wa kikoloni wa Upper Canada, na mama yake, Isabel, alimlea akiamini kwamba amezaliwa kulisafisha jina la babu huyo. Dada yake Bella alifariki mwaka 1915 na baba yake mwaka 1916. Tarehe 17 Desemba 1917, siku aliyotimiza miaka 43, King alishindwa katika uchaguzi wa Bunge, na kesho yake mama yake akafariki. Mdogo wake Max alimfuata mwaka 1922. King hakuoa kamwe, hivyo alipofika kileleni mwa madaraka hakuwa na mke wala mtoto wa kumrudia jioni.

Ndani ya Laurier House, nyumba aliyoishi jijini Ottawa tangu 1923, pengo hilo linaonekana kwa macho. Katika chumba chake cha kazi, ghorofa ya tatu, iliwekwa picha kubwa ya mama yake iliyochorwa na J. W. L. Forster, akiwa ameketi karibu na moto na kitabu kimefunguliwa mapajani, nacho ni wasifu wa William Gladstone, Waziri Mkuu wa Uingereza. Taa ndogo iliwashwa mbele ya picha hiyo bila kuzimwa, na mbele ya taa hiyo King alifanya kazi za serikali usiku.

Mwanzoni alikwenda kwa waaguzi. Mwaka 1925 alianza kushauriana na Rachel Bleaney wa mji wa Kingston, aliyemwagulia ndoto na kumtabiria ushindi katika uchaguzi wa mwaka huo. Matokeo ya Oktoba yakawa kinyume: chama chake cha Liberal kilipata viti vichache vya Bunge kuliko Conservative, na King mwenyewe akapoteza kiti chake cha ubunge, akabaki madarakani kwa miezi kadhaa tu kwa kuungwa mkono na wabunge wa chama cha Progressive. Hata hivyo hakumwacha Bleaney, bali aliendelea kumpelekea ndoto zake, na ishara hii ya awali ina uzito, kwa sababu inaonyesha kwamba utabiri ulioshindwa haukutosha kuivunja imani yake.

Zamu ya viti ilikuja alipokuwa katika hali ngumu zaidi ya kisiasa. Baada ya kurudi madarakani, alikuwa ameshindwa uchaguzi wa 1930, na mwaka uliofuata iligundulika kuwa kampuni ya umeme ya Beauharnois, iliyopewa kibali na serikali yake, ilikichangia chama chake mamia ya maelfu ya dola. Mwanzoni mwa 1932, katika nyumba ya familia ya Fulford mjini Brockville, King alikutana na Etta Wriedt wa Detroit, kiti mashuhuri aliyetumia tarumbeta, yaani bomba la bati lenye umbo la pembe lililowekwa katika chumba chenye giza, ambamo sauti zilidaiwa kutoka bila kupitia kinywa cha mtu aliye hai. Kwa njia hiyo King aliamini amemsikia mama yake, na pia Wilfrid Laurier, kiongozi aliyemtangulia katika chama, aliyefariki mwaka 1919, na jamaa wengine waliomtia moyo asikate tamaa.

Mwaka 1933 aligundua kwamba angeweza kuwasikia wafu bila kiti wa kulipwa. Yeye na rafiki yake wa karibu, Joan Patteson, walianza kuweka mikono juu ya meza ndogo na kuhesabu jinsi ilivyogonga, kila idadi ya mapigo ikiwakilisha herufi, mpaka maneno na sentensi zikakamilika. Mwanafizikia wa Uingereza Michael Faraday alikuwa amekwisha kulichunguza jambo hili kwa majaribio mwaka 1853, akaonyesha kwamba misuli ya waliokaa huisukuma meza bila wenyewe kutambua, na kwa hiyo kinachosemwa na meza hutoka kwa walioizunguka. Maelezo ya Faraday ndiyo yanayoifungua shajara ya King vizuri zaidi kuliko mengine yoyote, kwa kuwa roho zilizokuja zilikuwa na hofu zake, matumaini yake na maoni yake, nazo zilimweleza kwamba yuko katika njia ya haki na kwamba kazi kubwa inamngoja.

Hatari ya faraja ya namna hiyo ilijitokeza katika suala la Ujerumani. King, aliyekuwa amerudi madarakani mwaka 1935, alikutana na Adolf Hitler mjini Berlin tarehe 29 Juni 1937, akaondoka akiamini kuwa mtu huyo hataki vita, na mwaka 1938 aliandika kwamba Hitler ni mtu wa mambo ya roho, akamlinganisha na Joan wa Arc. Kosa la kumpima Hitler vibaya walilifanya viongozi wengi wa zama hizo, lakini King alilifanya akiwa na kipimo chake mwenyewe, kwani alimwona Mjerumani huyo kuwa mwenzake katika safari ya kiroho.

Jibu lilikuja upesi. Tarehe 2 Septemba 1939, siku moja baada ya majeshi ya Ujerumani kuivamia Polandi, King na Patteson walikaa mezani, na meza, ikisema kwa jina la baba yake, ikatoa habari kwamba Hitler amekufa kwa risasi ya Mpolandi. Habari hiyo ilikuwa ya uongo, na tarehe 10 Septemba Kanada ikatangaza vita. King alihitimisha kwamba roho ya uongo ilikuwa imeingia kikaoni, akaiweka meza kando wakati wa vita, na hatua hiyo ni ya haki kumhesabia, kwa kuwa katika mwaka wa hatari kuliko yote alikuwa na busara ya kutoendesha vita kwa mapigo ya meza.

Kwa sababu hiyo watafiti wengi wa shajara wamekataa wazo kwamba Kanada ilitawaliwa na mizimu. Viti waliomhudumia walisema, baada ya kifo chake, kwamba hakuwaomba ushauri wa mambo ya dola, bali alitaka kuongea na wapendwa wake. Bima ya kukosa kazi ya 1940 na posho ya watoto ya 1945 zilitoka katika fikra alizokuwa nazo tangu ujana wake kama mtaalamu wa mambo ya kazi. Vivyo hivyo, aibu za serikali yake, kama kuwakatalia hifadhi Wayahudi wa meli ya St. Louis mwaka 1939 na kuwahamisha kwa nguvu Wakanada wapatao 22,000 wenye asili ya Japani mwaka 1942, hazikuamriwa na roho yoyote. Ziliamriwa na walio hai, na lawama yake haiwezi kuhamishiwa makaburini.

Athari ya viti ilikuwa mahali pengine, nayo ni pana kuliko amri. Mtu aliyezoea kusikia kila jioni kwamba wafu wote wakuu wanamuunga mkono huanza kumwona aliye hai anayepinga kuwa msaliti. Novemba 1944, Waziri wa Ulinzi J. L. Ralston alisisitiza kwamba majeshi yaliyokuwa Ulaya yanahitaji kuongezewa askari walioandikishwa kwa lazima, na King, aliyehofia mpasuko kati ya Wakanada wasemao Kiingereza na wale wasemao Kifaransa, akamwondoa serikalini mbele ya mawaziri wenzake. Haikupita mwezi, King mwenyewe akakubali kuwapeleka ng'ambo askari wa namna hiyo wapatao 16,000. Ralston alikuwa amempa Waziri Mkuu kitu ambacho meza haikuwahi kumpa, yaani pingamizi la mtu anayewajibika kwa maneno yake.

King alistaafu Novemba 1948, baada ya kwenda tena kwa viti wa London, akiwemo Geraldine Cummins, aliyeandika kwa mkono jumbe zilizodaiwa kutoka kwa wafu, ukiwamo ujumbe wa Rais Franklin Roosevelt, aliyefariki mwaka 1945. Alifariki tarehe 22 Julai 1950 katika shamba lake la Kingsmere, akiwa ameagiza shajara iteketezwe isipokuwa sehemu alizozitia alama. Desemba 1951 mwandishi Blair Fraser aliieleza siri hiyo katika jarida la Maclean's, na wasimamizi wa mirathi, wakiwa na kurasa zipatazo 30,000 zisizo na alama wanazoweza kuzifuata, hatimaye hawakuziteketeza. Mwaka 1976 mwanahistoria C. P. Stacey alichapisha kitabu kuhusu maisha hayo ya pande mbili, na leo shajara iko wazi kwa yeyote anayetaka kuisoma.

Kuokoka kwa kurasa hizo ni bahati ya umma. Wapiga kura wa King walimhukumu mara nyingi kwa sera zake, lakini hawakupewa nafasi ya kujua ni nani aliyeketi naye taa ilipowaka mbele ya picha ya mama, na wananchi wa nchi yoyote wana haki ya kulijua hilo wakati kiongozi wao bado yuko madarakani na bado anaweza kuulizwa.