Asili ya Hadithi ya Elisi, na Ugonjwa wa Mtengeneza Kofia

Kuna kitabu cha watoto kiitwacho Elisi katika Nchi ya Ajabu, kilichopigwa chapa na Sheldon Press ya London mwaka wa 1940. Aliyekifasiri ni bibi Mwingereza, E. V. St. Lo Conan-Davies, na katika picha zake Elisi si mtoto wa Kizungu, bali ni msichana wa Kiafrika. Leo napenda kuwaeleza asili ya hadithi hiyo, maana ndani yake limo jambo linalowahusu sana watu wa Kahama na Geita, ingawa aliyeitunga hakupata kufika huku.

Mtungaji alikuwa Charles Dodgson, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Christ Church mjini Oxford, aliyejiita Lewis Carroll katika hadithi zake. Tarehe 4 Julai, 1862, yeye na kasisi Duckworth waliwapakia mashuani mabinti watatu wa mkuu wa chuo, Lorina, Alice na Edith, wakaenda kutembea mtoni. Watoto wakataka hadithi, naye akaitunga papo hapo, kama bibi zetu wafanyavyo jioni penye moto. Alice, aliyekuwa na umri wa miaka 10, akamsihi aiandike. Kitabu kikatoka mwaka wa 1865. Watu wa mashua ile wamo, wamegeuzwa ndege: Duckworth ni bata, Lorina ni kasuku, Edith ni kinda la tai, na Dodgson mwenyewe ni dodo, ndege asiyeruka aliyeishi kisiwa cha Morisi, katika Bahari hii yetu ya Hindi, hata akatoweka katika karne ya 17. Hadithi hiyo imekwisha kufasiriwa katika lugha zaidi ya 100.

Lakini nitakaye kumtaja hasa ni mtengeneza kofia. Elisi anamkuta mezani pamoja na Sungura (naye si mjanja kama sungura wetu), wakinywa chai isiyokwisha. Maneno yake hayana kichwa wala miguu, na kitendawili atoacho hakina jibu. Watoto hucheka. Kabla ya kitabu hiki Waingereza walikwisha kuwa na msemo wa kumfananisha mwenye wazimu na mtengeneza kofia. Na ugonjwa wa mafundi hao ulikuwa wa kweli kabisa.

Kofia za siku zile zilifanyizwa kwa manyoya ya sungura na wanyama wengine. Ili yashikamane vema, manyoya yalipakwa dawa yenye zebaki, yaani madini yale ya majimaji yang'aayo kama fedha. Yakipata joto yalitoa mvuke, na mafundi waliofungiwa vyumbani wakauvuta. Baada ya miaka mikono ilitetemeka, ulimi ukawa mzito, meno yakalegea. Mtu mchangamfu akawa mwenye haya, mwepesi wa hasira, mwenye kusahau. Watu wakamwita mwenda wazimu, kumbe kazi yake ndiyo iliyomlisha sumu. Marekani haikukataza zebaki katika kazi ya kofia hata mwaka wa 1941.

Sasa tazameni mialo ya wachimbaji wadogo. Unga wa mawe ukishaoshwa, hutiwa zebaki katika beseni na kuchanganywa kwa mikono mitupu. Zebaki hunasa chembe za dhahabu, likawa donge. Donge hukamuliwa katika kitambaa, kisha huchomwa juu ya makaa, pengine uani, karibu na chungu cha chakula. Zebaki huenda hewani, dhahabu hubaki. Mvuke ule hauonekani wala haunuki, ndiyo maana haumwogopeshi mtu. Mwaka wa 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa taarifa juu ya watoto wa machimbo ya Geita, Kahama na Chunya, na baadhi yao walikuwa wakiishika zebaki. Mwaka uo huo mataifa yalifanya mkataba wa Minamata wa kuipunguza, nayo Tanzania ikauridhia mwaka wa 2020.

Kiko chombo cha chuma chenye kifuniko na bomba, kinachounasa mvuke. Ukipoa huwa zebaki tena, ikatumika mara ya pili. Hata hivyo wengi hawakipendi. Dhahabu iliyofungiwa ndani ya chuma haionekani, na watu walioshirikiana kuichimba hawataki mali yao ipotee machoni pao hata kwa kitambo kidogo.