Pichaherufi si picha yenye maandishi

Mwanamke amefunga kitambaa kichwani, kiganja kakiweka ubavuni mwa mdomo, na mdomo wenyewe uko wazi. Anaita. Mdomoni mwake linatoka neno moja la Kirusi lenye herufi tano, knigi, yaani vitabu, na herufi zinazidi kukua kadiri zinavyoukimbia uso wake, hata neno zima likapata umbo la baragumu. Mwanamke huyo ni Lilya Brik. Bango hili ni la msanii Aleksandr Rodchenko, ambaye alimpiga picha hiyo mwaka 1924 na kuitumia kutangaza vitabu vya shirika la serikali la uchapishaji la Leningrad. Asiyejua Kirusi hata kidogo akilitazama huelewa kwamba hapa inapigwa mbiu.

Sasa ziba uso wake kwa kiganja. Linabaki neno linalovimba bila sababu. Uondoe mkono uzibe neno. Anabaki mwanamke aliyeachama, na hatusikii kitu. Sauti imo katika kukutana kwa hivyo viwili, na ukitenganisha inakatika.

Kitu cha namna hii kilipata jina mwaka 1925. László Moholy-Nagy, Mhungaria aliyekuwa akifundisha Bauhaus, chuo cha sanaa na usanifu cha Ujerumani kilichohama mwaka huohuo kutoka Weimar kwenda Dessau, alitoa kitabu kuhusu uchoraji, fotografia na filamu, na humo akaandika juu ya Typofoto. Alilisuka neno kutokana na mizizi ya Kigiriki: typos, alama inayoachwa na kitu kilichogongwa, na phos, nuru. Kwa muda mrefu viwili hivyo vilikuwa vimeishi nyumba tofauti. Herufi zilikuwa vipande vya risasi vilivyopangwa kwa mkono. Picha ilikuwa karatasi ya kubandikwa, au ilibidi fundi aichonge upya ili ichapike. Mwishoni mwa karne ya 19 mafundi wakapata njia ya kuigeuza picha kuwa nukta ndogondogo juu ya bamba, nayo ikaweza kupita katika mtambo mmoja na herufi, kwa wino uleule. Moholy-Nagy aliona mbali zaidi ya urahisi wa kazi. Kwake picha iliweza kushika nafasi ya neno katikati ya maelezo, na neno likatazamwa kwa umbo lake kabla halijasomwa. Mwishoni mwa kitabu aliweka mchoro wa filamu kuhusu jiji kubwa: picha, mistari minene, mishale, na neno Tempo, yaani mwendo, likirudiwa ukurasani kama pigo la ngoma.

Typofoto tuiiteje kwa Kiswahili? Kuandika tipofoto inawezekana, na wapo watakaoridhika, lakini neno hilo halimwambii msomaji chochote. Picha yenye maandishi ndiyo tafsiri inayomjia kila mtu kwanza, nami naipinga kwa nguvu zangu zote. Maandishi ni yale yaliyosemwa, na yanaweza kuhamishiwa karatasi nyingine yakabaki yaleyale.

Siku moja nilikuwa katika duka la kuchapa mabango Kariakoo. Mama mmoja alileta picha ya mumewe aliyefariki, akasimama nyuma ya kijana wa kompyuta na kumwambia, “Mwanangu, hayo maandishi usiyapitishe usoni kwa baba. Yaweke chini.” Kijana akajibu, “Sawa mama,” akayavuta jina na tarehe mpaka chini ya tai ya marehemu. Mama yule alikuwa sahihi kabisa. Alitaka uso uheshimiwe na jina lisomeke, kila kimoja mahali pake. Hiyo ndiyo picha yenye maandishi, na ina kazi yake njema. Alichofanya Rodchenko ni kitu kingine, nacho kinastahili jina lake.

Hata kanga, ambayo tungependa kuitaja kama babu wa sanaa hii, imekaa upande wa mama yule. Ina pindo, ina mji, na jina limewekewa kisanduku chake. Maneno yake huchoma au kubembeleza, lakini hayagusani na maua yaliyo juu yake.

Ndiyo maana nasema pichaherufi. Herufi ina umbo: ina unene, ina mkia, ina tumbo, na msanii hushughulika na hayo. Kuna atakayesema kwamba katika Kiswahili neno la kwanza ndilo bwana: garimoshi ni gari, wala si moshi, kwa hiyo pichaherufi itakuwa aina ya picha tu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini wanasayansi wetu walikwisha kutufungulia njia kwa sumakuumeme, ambamo sumaku haimtawali umeme wala umeme haumtumikii sumaku. Ni nguvu moja yenye sura mbili. Tuisome pichaherufi hivyohivyo. Kuigeuza iwe herufipicha kungetuletea tatizo jipya, maana hilo linafaa zaidi kwa herufi zilizo picha, kama zile za Misri ya kale.

Neno letu lina faida nyingine ambayo Typofoto haina. Typo imefungwa kwenye chapa. Shirin Neshat, msanii aliyezaliwa Iran na kufanya kazi Marekani, kati ya 1993 na 1997 alitengeneza mfululizo wa picha uitwao Women of Allah, wanawake waliovaa baibui, na juu ya picha zenyewe, kwenye nyuso, viganja na nyayo, kukaandikwa mashairi ya Kiajemi kwa mkono na wino. Hakuna chapa hapo, kwa hiyo jina la Kijerumani linamwacha nje. Herufi zipo, tena ni ndugu wa zile ambazo washairi wetu wa Lamu na Pate walizitumia kuandikia tenzi, kwa hiyo letu linampokea. Ziba wino huo kwa kiganja, uone wanawake wale wananyamaza namna gani.